Maharage Yasiyo na Mwenyewe

Mgawa chakula wa harusi za Uyole hufunga kitenge kiunoni mara mbili, huonja mchuzi kiganjani, kisha husimama nyuma ya masufuria akimtaja kila aliyechangia kutoka shambani kwake: "Viazi hivi ni vya baba Shedrack, vitunguu ni vya akina Seni." Sauti yake imekwaruzwa na moshi, lakini aliyetajwa nayo hutembea kifua mbele siku nzima. Kamati ya harusi moja ilipojadili kuweka kadi za menyu mezani, aliuliza jambo moja tu: "Na waliolima mtawaandika wapi?" "Bibi, kadi ni ndogo, si kitabu cha ukoo!" alijibu katibu, na watu wazima wenye akili zao wakacheka. Kadi zikapitishwa, naye akaambiwa agawe kimya, kwa kuwa wageni wangejisomea wenyewe.

Siku ya sherehe akagawa kimya. Kadi ziling'aa, zimeandikwa "maharage ya nazi", kana kwamba maharage hujiotea ukumbini. Ndipo akafika mama Tekla, mjane aliyeleta debe pekee la maharage lililosalimika mvua ilipoozesha mengine shambani kwake. Alinyoosha sahani, ikajazwa, lakini hakuondoka. Alisimama akiutazama mdomo wa mgawaji. "Mama, songa basi, tuna njaa!" foleni ikaguna. Mgawaji akainama mpaka vilemba vyao vikagusana, akanong'ona: "Maharage haya ni yako, dada." Mjane akageuka haraka, akawatazama waliokuwa nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amesikia.