Mtazamaji wa Kibanja

Chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Kituntu kilipohamisha orodha za wanachama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mfumo wa mtandaoni, karani aliyepewa kazi ya kupanga nani aingie wapi alikuwa mimi, na nilijiona bingwa kwelikweli. Kila kibanja, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, kilipata akaunti moja. Mume nilimwandika mmiliki: anaagiza miche, anabadilisha taarifa, anaongeza na kuondoa watu. Mke nilimwandika mtazamaji, yaani anaona tu. Mfumo uliruhusu wamiliki wawili, lakini sikuhangaika. Kwetu kibanja ni cha mwanamume, nani asiyejua? Hata baba na mama niliwapanga hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Baba akafariki. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukamtaja kaka yangu aliyeko Mwanza kuwa mrithi. Muhtasari wa kikao ulifika mezani kwangu, nikahamisha umiliki. Dakika mbili, basi.

Mwezi uliofuata mama alikuja ofisini kwa miguu, kitenge kimelowa umande, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwana wange, hii simu imenifukuza."

Nikafungua akaunti. Kaka alikuwa amemwondoa, kisha akaomba mibuni yote ing'olewe apande miti ya mbao. Mibuni ile mama aliipanda akiwa bado bibi harusi, akaipalilia akiwa na mimi mgongoni.

"Nirudishe humo," alisema, "nimzuie."

Sikuweza. Anayeongeza mtu ni mmiliki peke yake. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikaitetea kikaoni kwa mbwembwe, eti wajanja wasichezee mashamba ya watu. Nikampigia kaka. Akasema ukoo umeshaamua, nisimletee maneno ya wanawake, akakata simu.

Moyo uliniuma, na unaniuma hadi leo. Mama akanigeukia.

"Kwani nani aliniandika wa kutazama tu? Baba yako?"

Marehemu hakuwahi hata kuulizwa. Fomu niliijaza mwenyewe, yeye akaweka dole gumba.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni baba."

Akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, akaondoka bila kuniaga. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mama alikuwa akilifagia kila asubuhi. Tangu siku hiyo hajalifagia tena.