Sabuni Kwenye Mpira wa Gesi

Baba ni dalali wa magari. Mwaka huu alileta hapa kwetu Bigwa gari ambalo hatujawahi kuwa nalo: gari la kulala. Wazungu wawili walimaliza safari yao wakamuuzia. Ndani lina kitanda, sinki, jiko la gesi na mtungi chini ya kabati. Wiki nzima nilifanyia kazi za shule humo, nikijifanya ni chumba changu. Siku mbili nililala humo kabisa. Baba mwenyewe ndiye aliyenipa shuka.

Kisha nikasikia harufu. Baba akamulika kwa simu, akaona mpira wa gesi umepasuka kidogo karibu na jiko. Tangi la dizeli likivuja, mafundi wetu huziba kwa sabuni ya mche, na baba ameshaendesha magari ya namna hiyo mpaka Matombo na kurudi. Akaniambia, "Mkono wako mwembamba, hebu paka." Nikakanda kipande cha sabuni, nikapaka. Harufu ikakata.

Kesho yake akaja mteja, mama wa makamo kutoka Mkuyuni mwenye nyumba ya wageni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anabonyeza godoro.

"Mume wangu akikiona hiki kitanda, harudi tena ndani!"

Baba akacheka kile kicheko chake cha biashara. Manyunyu yakaanza kushuka kutoka mlimani, akafunga madirisha na mlango, akakimbilia nyumbani kuchukua kadi ya gari. "Muonyeshe mama makabati," aliniambia.

Tukabaki wawili. Mama akatoa kwenye pochi majani ya chai na kiberiti.

"Mimi sinunui jiko kwa macho. Chai yake nainywa kwanza." Akafungua mtungi. "Nina mafua, mwanangu. Gesi inatoka?"

Ilikuwa inatoka, tena pale kwenye mpira; sabuni imeachia. Ilinijaa puani. Ila mimi nikiogopa naganda. Hata darasani, mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasimama tu mpaka aniambie nikae. Sasa nilikuwa nimesimama hivyohivyo, na yeye anachomoa njiti. Nikisema, nimemuumbua baba mbele ya mteja. Nisiposema, tunaungua wote wawili.

Nikampokonya kiberiti. Mtu mzima! Nikasukuma mlango, nikakirusha kwenye matope.

"We mtoto! Una wazimu?"

"Inavuja, mama. Kuna sabuni kwenye mpira."

"Nani kapaka?"

"Mimi."

Baba alikuwa amefika mlangoni na kadi mkononi. Mama akafunga mtungi, akashuka taratibu.

"Kaka, mwanao ungemlaza humu?"

Mama akaondoka kwenye mvua bila kuaga. Nilisubiri kipigo, nimejibana kwenye kabati. Baba akaingia garini, akafungua madirisha yote, akakaa kitandani. Mvua ikawa inamlowesha na yeye hasogei.

Leo amefunga mpira mpya. Akaniita.

"Nusa."

Nikanusa. Sikusikia kitu.

"Nusa tena."

Akanipa kiberiti kipya. "Hatuwashi mpaka useme wewe."

Nimenusa mara nne. Naandika haya nimekaa kwenye ngazi ya gari, kiberiti kiko mfukoni. Baba amesimama pale mlangoni kwetu, anasubiri, na bado sijasema.