Kilatini Kwenye Makaburi ya Kijiji cha Zamani

Tulipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara ya kwenda Laela, tulibeba kila kitu: milango, mawe ya kusagia, kuku, hata miti ya paa. Makaburi hayabebeki. Yalibaki kule mlimani, na Novemba ilipokaribia, mwezi wa kuwaombea marehemu, padri alikubali kwenda kuwasomea misa hukohuko.

Kwaya ya kigango chetu iliongozwa na shangazi. Alikwisha kupanga nyimbo mpya za Kiswahili, za ngoma na kayamba, ambazo tulizipenda sana tangu Kilatini kilipoachwa. Bibi, mama yake, akamkatiza huku anatwanga.

"Wale walizikwa kwa Kilatini," alisema. "Ukiwapigia ngoma watadhani umewaletea harusi."

"Mama, nani anaukumbuka ule wimbo wa Kilatini wa maziko? Ni mrefu kama safari ya Sumbawanga kwa miguu."

Bibi akaegemeza mchi ukutani, akaimba. Sauti yake, niliyoizoea ikifukuza mbuzi, ilishuka taratibu kama mtu anayeteremka bondeni na mtungi wa maji kichwani, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Hapakuwa na makofi wala kiitikio.

"Nifundishe, Bibi," nikasema, kabla shangazi hajafungua mdomo.

Alitufundisha wanawake wote wa kwaya kwenye shamba la ujamaa, tukilima. Ilikuwa kazi! Jembe linataka mapigo, na wimbo ule hauna. Kila tulipoanza, majembe yalipotezana, moja juu, jingine chini, tukacheka mpaka tukaegemea mipini.

"Msifuate jembe," Bibi alipaza sauti, "fuateni pumzi! Neno likiisha, pumueni."

Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza kwa nini mstari wetu umebaki nyuma.

"Shikamoo, mama. Huo nao ni wimbo wa kulimia?"

"Marahaba. Ni wa watu waliohama kabla yetu," Bibi akamjibu, akainamia jembe lake.

Siku ilipofika tulipanda mlima asubuhi. Nyumba zetu zilikuwa kuta tupu, majani yameota mafigani. Padri alitandika kitambaa cheupe juu ya meza tuliyoibeba kwa zamu. Baada ya somo, shangazi akatugeukia, akainua mikono. Bibi akatoa sauti ya kwanza, nasi tukaingia.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikavuta pumzi kwa ajili ya wa pili, mara nikasikia ngurumo nyuma yetu. Nilidhani ni mvua. Kumbe wazee! Hawakuja mazoezini hata mara moja, na hakuna aliyekumbuka kuwaita. Walijifunza wimbo huo shule ya misheni wakiwa vijana, wakakaa nao kifuani miaka yote ile. Walichukua ubeti wa pili kwa sauti nzito, wakatuachia wa tatu, wakachukua wa nne, upande huu na upande ule, bila mtu kuwapanga. Balozi alikuwa katikati yao, kofia kwapani, mishipa ya shingo imemtoka. Padri akafumba macho, kisha naye akajiunga na wanaume.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilichelea kukosea neno hata moja.

Misa ilipokwisha hakuna aliyeondoka. "Turudie!" mzee mmoja akasema. Tukarudia, sasa kila ukoo umesimama penye makaburi yake, wimbo ukivuka kutoka kwa marehemu hawa kwenda kwa wale.

Mvua ikatukuta njiani. Wazee walikuwa wakibishana nani aliharibu ubeti wa mwisho, wameloa chapachapa na hawajali. Shangazi akanishika bega.

"Jumamosi mazoezi, wanaume nao waje. Na wewe ndiye utakayeanzisha."

Niliteremka sehemu iliyobaki mbio, matope yakiruka mpaka mgongoni, nikiiimba sauti ile ya kwanza tena na tena nisije nikaipoteza.