Mguu wa Cucu Njambi

Nelima alitoka Mbale, Uganda, mwanzoni mwa mwaka 1957. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku la bati, na sauti ambayo kwao watu walitoka mbali kuja kuisikia. Kanisa lao lilikuwa na desturi ya kutuma vijana ugenini wawili wawili, kwa miaka miwili, bila mshahara. Yeye alipangiwa Kenya, pande za Thika na Ruiru, pamoja na Jentrix, mwanamke wa Maragoli aliyemzidi kwa miaka kumi na asiyekuwa na maneno mengi. Ndani ya gari la moshi Nelima alishinda akijifunza kwa moyo mahubiri yake ya kwanza.

Mahubiri hayo hayakupata msikilizaji. Walipanga chumba Thika, na asubuhi walipanda basi hadi Ruiru, kisha wakatembea mpaka kijiji cha Mugutha. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Serikali ilikuwa imewakusanya watu mahali pamoja, nyumba zikabanana, zimezungushiwa handaki, na langoni askari walikagua vipande vya utambulisho. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Wanawake waliondoka alfajiri kwenda kuchuma kahawa kwa wazungu, wakarudi jua likizama, wamechoka hoi. Nani angesimama kusikiliza wimbo?

Mtu aliyepatikana mchana alikuwa Njambi, mama mtu mzima ambaye kijiji chote kilimwita cucu, yaani nyanya. Hakubaki nyumbani kwa kupenda. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, kipana kama kiganja, mwaka wa pili sasa. Nelima alifurahi. Akafungua Biblia, akasoma, akaeleza, akaimba beti zote sita. Njambi alisubiri kwa adabu.

"Umemaliza, mwari?"

"Nimemaliza, cucu."

"Haya. Basi nisaidie kufungua hiki kitambaa. Kimeshikana na nyama, na mimi siwezi kuinama."

Harufu ilimpiga Nelima usoni. Alitoka mbio, akatapika nyuma ya nyumba. Aliporudi alimkuta Jentrix amepiga magoti, akilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, polepole, kama mtu anayebandua ngozi ya yai.

"Chemsha mengine," Jentrix alisema bila kugeuka. "Tia chumvi."

Kuanzia siku hiyo walikwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati mjini Thika, aliwapa bendeji na dawa ya zambarau, akamwonyesha Nelima namna ya kusafisha pembeni pasipo kuumiza. Mwezi wa pili Nelima aliacha kubana pumzi. Lakini moyoni alikuwa na hesabu yake: huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza kubatizwa. Hata barua aliandika, akamwambia mchungaji kule Mbale akae tayari kwa habari njema.

Mwisho wa Juni kidonda kilifunga. Jumapili iliyofuata Nelima alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la shule waliloazimwa kwa ibada karibu na Mugutha, akamwona Njambi anakuja, kitambaa cheupe kichwani, bila fimbo. Njambi akafika, akampungia mkono kwa furaha, akapita. Alikuwa anakwenda kwenye kanisa alimobatizwa tangu usichana wake.

Nelima alifoka njia nzima ya kurudi. "Miezi minne! Nimeosha usaha kwa mikono hii, halafu ananipungia mkono na kupita!"

"Mguu umepona?" Jentrix aliuliza.

"Si umemwona? Umepona."

"Sasa Nelima, tulikuwa tunaosha mguu, ama tulikuwa tunamtega mtu?"

Nelima alinuna siku tatu. Siku ya nne alirudi Mugutha peke yake. Hakwenda kwa toba. Alitaka tu kujua kama kovu halijafunguka. Halikuwa limefunguka. Njambi alimpakulia githeri ya mahindi na maharagwe, akamwangalia akila, kisha akaonyesha kwa kidevu nyumba ya tatu kutoka langoni.

"Pale yuko Wamboi. Amejifungua siku tisa zilizopita, na hakuna mtu ameingia. Bwana yake ndiye alipeleka majina kwa serikali. La bwana yangu lilikuwamo. Mimi siwezi kukanyaga pale, mwari. Lakini mtoto namsikia akilia. Wewe ni mgeni, huna ugomvi na mtu hapa."

Wamboi alifungua mlango kidogo tu. Mumewe alikuwa amehamishwa kikazi, kulinda kambi ya mbali. "Nani amekutuma?" aliuliza.

Nelima alikuwa na jibu refu la swali hilo, alilolikariri tangu Mbale. Akalimeza. "Nimekuja kuteka maji," alisema. "Debe liko wapi?"

Aliteka maji, akafua nepi, akapika uji, kesho yake na keshokutwa, wiki baada ya wiki. Hakuhubiri. Mama akilala, alimwimbia mtoto. Habari za nyumba ile hakuziandika katika barua yoyote.

Mvua za Oktoba zilipoanza, basi lilikwama kwenye matope na Nelima akafika Mugutha saa sita, amelowa chepechepe. Aliona moshi ukitoka kwa Wamboi. Ndani, Njambi alikuwa ameketi kigodani, mtoto magotini, akikoroga uji kwa mkono mmoja. Wamboi alikuwa kitandani, uso umeloa machozi.

"Nimeona mvua, nikajua basi limekwama," Njambi alisema, hana raha, kama aliyefumaniwa. "Na mtoto hajui mambo ya baba yake. Funga mlango, mwari, baridi inaingia."

Nelima akafunga mlango. Akageukia ukuta, akijifanya anakamua leso yake.

Mwaka uliofuata mume wa Njambi aliachiliwa, mwembamba kama ufito. Mume wa Wamboi alipokuja likizo, yeye hakumsalimu. Lakini hakumkataza Njambi kuingia nyumba ya tatu, na hilo pekee kijiji kililiona.

Januari 1959 muda wa Nelima uliisha. Njambi na Wamboi walimsindikiza yeye na Jentrix mpaka stesheni ya Ruiru, maili kadhaa kwa miguu. Walibadilishana kumbeba mtoto. Mmoja akichoka, mwenzake anampokea.