Aliyeing'oa Lami ya Mazeau

Léonce Chabrillat aliomba lami kwa miaka kumi na tisa, akaipata, akaitunza kwa miaka kumi na saba, kisha akaamriwa aing'oe mwenyewe. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya meya wakati wote huo, kwa hiyo barua za kuiomba nilizipiga chapa mimi, na barua ya kuing'oa niliipiga chapa mimi vilevile.

Aliajiriwa mwaka 1985, kijana wa miaka ishirini na miwili, kuwa fundi wa barabara za kijiji. Majira yake ya kwanza ya baridi hayakuisha kabla hajaitwa njia ya Mazeau kusukuma gari la daktari. Njia ile ilipita palipokuwa na reli zamani: mataruma yalikuwa yameng'olewa, yakabaki mawe na tope. Mazeau ni nyumba tatu mwishoni mwa njia, na katika nyumba ya mwisho Anselme Jouvet alikuwa kitandani, kifua kimembana. Gari lilinasa kwenye kona ya daraja. Léonce alisukuma mpaka akapiga magoti topeni. Daktari alifika saa mbili baadaye, na Anselme alikuwa ameshafunikwa shuka. Mjane wake, Mathurine, aliwapa wote wawili kahawa, akamwambia Léonce, "Usilie, mwanangu. Kanawe miguu."

Tangu siku hiyo aliandika barua kila mwaka, na kila mwaka halmashauri ilimjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Mwaka 2004 lilishughulikiwa. Kilomita nne za lami nyeusi, laini, na Léonce aliendesha mashine ya kushindilia mwenyewe huku amevaa shati la harusi. Mathurine alinunua kigari cheupe wiki ileile, akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na miwili. Mwalimu wake wa udereva alisema hana woga. Hakusema kwamba hilo ni jambo zuri.

Basi. Mwaka 2021, mwezi wa tatu, meya wetu, Bi Ségolène Virolle, alimwita Léonce ofisini.

"Kaa, Léonce."

"Nitasimama, Bi Meya. Buti zina tope."

"Ile barabara ya Mazeau. Tumeamua iwe ya changarawe."

Léonce alinigeukia mimi, kama mtu anayeuliza mzaha umeanzia wapi. Nikainamia makaratasi yangu.

"Changarawe ilikuwepo, Bi Meya. Tuliifukia."

"Ndiyo maana. Inatengenezwa njia ya baiskeli, bila magari kabisa, kilomita thelathini na nane kutoka stesheni ya zamani mpaka mtoni. Sehemu zote ni changarawe isipokuwa yetu. Watu wa mjini wanaipenda sana changarawe."

"Wanaipenda waifanyie nini?"

"Wapite juu yake na baiskeli."

"Huko kwao hakuna lami?"

"Ipo. Wameichoka."

Léonce alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Bi Meya, nina kabati zima la barua za watu wanaonitukana kwa mashimo. Nipe anwani za hao wa baiskeli, niwapelekee mashimo yetu mpaka mlangoni. Tutawapunguzia safari."

Bi Virolle alicheka, maana ni mwanamke mwenye moyo, kisha akamwonyesha sahihi chini ya karatasi. Kazi ianze baada ya Pasaka.

Léonce aling'oa lami kwa siku kumi na moja. Walimletea katapila la kukodi, lakini vipande vya kando alivibandua kwa sururu, na wapita njia walisema alivipanga kwenye lori kama mtu anayehamisha vyombo vya marehemu. Mathurine alikuja siku ya tatu, akasimamisha kigari chake mbele ya katapila.

"Unafanya nini?"

"Nafanya kazi, Mama Mathurine."

"Hii si kazi, huku ni kurudi nyuma. Mimi nitapita wapi?"

"Utapita hapahapa. Wewe ndiye mkazi pekee aliyebaki Mazeau. Patawekwa vizuizi viwili vya mbao, kimoja kila mwisho, na wewe utakuwa na ufunguo wako."

"Kwa hiyo njia haina magari, ila langu."

"Ila lako."

Mathurine alifikiria kidogo. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na nadhani lilikuwa jambo la kwanza la anasa alilowahi kupewa na serikali. "Sasa hiyo," alisema, "hiyo nimeielewa."

Njia ikafunguliwa mwezi wa sita. Wageni walikuja kwa mamia, karibu wote kwa magari, wakiwa wamefunga baiskeli juu ya paa, mpaka ikabidi tukate miti ya tufaha nyuma ya stesheni tupate maegesho. Tukayawekea lami. Léonce aliimwaga mwenyewe, na siku ile alikuja kazini na lile shati la harusi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Barua zikaanza kuja mezani kwangu. Mmoja alilalamika kwamba changarawe ni kubwa mno. Mwingine, wa wiki hiyohiyo, aliandika kwamba ni laini mno, hapati hisia ya safari. Lakini nyingi zilihusu bibi mmoja mwenye kigari cheupe anayepita njia ya baiskeli kwa kasi ya kilomita sitini, dirisha wazi, akiwapigia watu honi wasogee. Bi Virolle alimtuma Léonce akazungumze naye.

"Wanasema uende mwendo wa mtu anayetembea," Léonce alimwambia.

"Nina miaka sabini na tisa. Nikienda mwendo wa mtu anayetembea nitakufa kabla sijafika sokoni."

Léonce alirudi ofisini akaniambia niandike kwamba mhusika ameelimishwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kila kizuizi kilikuwa na kufuli, na funguo zilikuwa tatu: ya ofisi, ya Mathurine, na ya zimamoto, ambao kwetu ndio wanaobeba wagonjwa. Kuzigawa funguo ilikuwa kazi yangu. Zimamoto niliwapa ufunguo wa makaburini. Sikujua, nao hawakujua, mpaka mwezi wa kumi.

Asubuhi moja ya mwezi huo Léonce alikuwa peke yake karibu na daraja, anazibua karavati la kupitishia maji chini ya njia, lililoziba kwa majani. Tope likamtelezesha, akaporomoka ukingoni, na mfupa wa mguu ukakatika chini ya goti. Mwendesha baiskeli mmoja, daktari wa meno kutoka Lyon, alisikia mtu anatukana chini ya vichaka, akashuka, akapiga simu. Zimamoto walifika kwenye kizuizi kwa dakika tisa. Walikaa pale dakika ishirini wakijaribu kufungua njia ya baiskeli kwa ufunguo wa makaburini.

Yule daktari wa meno hakungoja. Alipiga pedali mpaka nyumba ya mwisho ya Mazeau, akagonga, akamweleza bibi aliyefungua. Mathurine alikuwa ameshapakia garini vikapu vya mayai ya soko. Hakuvishusha hata kimoja. Aliwasha gari, na dakika chache baadaye yeye na daktari wa meno walikuwa wamemlaza Léonce kiti cha nyuma, kikapu kifuani mwake.

"Polepole, Mama Mathurine! Mguu!"

"Mguu umeshavunjika, huo hauwezi kuvunjika zaidi. Shikilia mayai."

"Aaa! Changarawe hii itaniua!"

"Nani aliimwaga?"

Mathurine akakanyaga mafuta. Ilikuwa Alhamisi ya likizo, yenye jua, wageni wamejaa, na kigari kilikuja kikirusha mawe huku na huku, honi haikatiki. Waendesha baiskeli kumi na wanne, klabu nzima yenye nguo za rangi moja, waliingia kwenye miiba kama kundi la kondoo. Mmoja wao alikuwa anajipiga picha za video, akanasa yote: gari, honi, na sauti ya mwanamume kutoka nyuma ikipiga kelele, "Mayai! Mayai!" Kwenye kizuizi Mathurine aliwakuta zimamoto, akawafungulia kwa ufunguo wake, akawauliza kama wamepotea njia ya mazishi.

Video ile ilitazamwa na watu laki nne. Bi Virolle hakulala siku mbili, akingoja njia yetu ifungwe. Mwezi uliofuata wageni waliongezeka mara mbili. Walikuja wakiuliza bibi hupita saa ngapi.

Mguu wa Léonce ulifungwa plasta wiki nane. Ilipotolewa, mtaalamu wa viungo alimwambia apande baiskeli kila siku, la sivyo atachechemea hadi uzeeni. Alikataa. Kisha akaanza kupanda saa moja asubuhi, kwa siri, akiamini hakuna anayemwona. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama dirishani huku kinakunywa kahawa.

Asubuhi moja mgeni mwenye ndevu alimsimamisha karibu na daraja. "Samahani, mzee, unamjua anayetunza njia hii?"

Léonce alijiandaa. "Kuna tatizo gani?"

"Hakuna. Nimepita njia nyingi, sijaona changarawe iliyoshindiliwa hivi. Haina shimo. Mwambie asante."

Kwa miaka thelathini na sita hakuna aliyewahi kumshukuru kwa lami yake, hata kilomita moja. Alimjibu mgeni, "Ni mawe tu, bwana," akaondoka haraka. Lakini wiki ile alinisimulia habari hiyo mara nne, na kila mara mgeni alikuwa amezunguka nchi moja zaidi. Mara ya nne aliikatiza katikati, akasema, "Ila Anselme... njia ingekuwa nzuri siku ile, daktari angefika." Nilimjazia kahawa.

Amestaafu mwaka huu. Mathurine naye, macho yamemwishia, gari limeuzwa. Ndipo Léonce akanunua baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, ya kubebea mizigo, na kila Alhamisi humpeleka sokoni. Bibi hukaa sandukuni juu ya blanketi, mayai mapajani, akiwafokea wageni, "Pembeni! Kuna watu wenye shughuli zao!" Wageni hupisha na kumpungia mkono. Wengine huomba kupiga naye picha, naye hukubali wakinunua mayai sita.

Alhamisi iliyopita niliwakuta karibu na kizuizi. Léonce alikuwa ameshuka, ameinama katikati ya njia, anaokota jiwe moja kubwa na kulitupa mtaroni. Kisha akaona la pili.

"Wewe, umestaafu!" Mathurine alimpigia kelele. "Twende!"

"Dakika moja tu," alisema Léonce, na kwa mguu wake wenye buti akawa anasawazisha changarawe pale jiwe lilipotoka.