Magome Yaliyopakwa Chokaa

Sikukuu ya uhuru ikikaribia, mtaa wetu wa Waislamu pale Gitega ulikuwa na wazimu wake: kupaka chokaa miti ya barabarani, kuanzia chini mpaka kiunoni. Mpaka leo nikiona mti mweupe nageuza uso.

Nyuma ya ukuta wetu, jirani mmoja aliyeheshimika mno alikuwa akiyeyusha betri kuukuu za magari apate madini ya risasi ya kuuza. Faida ikawa yake, moshi wenye sumu ukawa wetu. Binti yangu, aliyekuwa akiongoza darasani, akaanza kuumwa tumbo, kisha akaanza kusahau, hata herufi alizokuwa akinifundisha mimi. Hospitalini wakampa dawa ya minyoo. Nilipomshtaki jirani kwa shefu, kiongozi wa mtaa, alitaka ushahidi.

Mpangaji wetu, mwalimu wa biolojia, ndiye aliyenionyesha viraka vya kijivu vilivyoota kwenye magome, juu ya pale chokaa ilipoishia. Alisema vile havina mizizi, vinakula kinacholetwa na hewa, na gome nalo linameza sumu ya moshi na kuitunza. Mwenzake wa Bujumbura angeweza kupima risasi iliyomo. Ila ilitakiwa tupate na vya kulinganisha, vya mahali pasipo na moshi. Basi tukaenda Muyinga kwa mama yangu, tukabandua vya huko, vinene, tukavitia kwenye bahasha. Vya kwetu tuliviacha tuvichukue tukirudi, kwani miti ingekwenda wapi? Njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga.

Tulirudi Jumamosi, kazi ya jamii, ile ya mtaa mzima kufanya usafi, imekwisha. Safari hii walikuwa wamekwangua miti kwa panga na brashi za chuma, wakaipaka chokaa mpaka kwenye matawi, maana jirani yule alitoa chokaa, akatoa na ngazi. Watu walimwombea dua.

Nilimwendea shefu. Hakunyanyuka kitini.

"Mama, we kila siku moshi, moshi. Angalia miti yetu, iko propre, safi kabisa."

Mwalimu alinifariji kwamba viraka vitaota tena, ila huchukua miaka. Alihamishwa kabla havijaota, na tangu hapo kila mwaka wanakwangua mpaka juu. Bahasha ya Muyinga bado ninayo. Inathibitisha kwamba kwa mama yangu hewa ni safi.

Binti yangu ni mtu mzima sasa. Sikukuu ikikaribia wanamwita abebe ndoo ya chokaa, kwa sababu kazi hiyo haihitaji akili, naye huenda akicheka.