Baba Kyuba Alivyoangushwa Mara Mbili

Harufu ya dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo inayowasha macho, ikinipata popote, hata ndani ya basi, uso wangu unawaka. Nyumba yetu ya Masasi ilinuka dawa hiyo kila asubuhi. Baba akirudi kukimbia alikaa kwenye kigoda uani, mama akamsugua mabega huku akilalamika kwamba mashuka yote yananuka hospitali. Baba alicheka tu.

Mchana aliuza mbaazi na choroko sokoni, ila mjini hakuna aliyemjua kwa mbaazi. Alijulikana kwa ngumi, na jina lake lilikuwa Kyuba. Ujanani alichukuliwa kwenye kambi ya ngumi za ridhaa Dar es Salaam, akafundishwa na Mkyuba mmoja mfupi mwenye pua iliyolalia upande. Mwalimu yule alikuwa bingwa wa ridhaa nchini kwao. Kwa kuwa huko ngumi za kulipwa zilikatazwa, aliihama nchi ili alipwe. Akashinda, akapigwa, akapigwa tena, mwisho akaja kufundisha vijana wetu. Baba alitusimulia habari zake kila tulipokula, mpaka nikadhani ni ndugu yetu wa upande wa bibi.

"Gusa, ondoka," ndivyo Mkyuba alivyomfundisha. Kwenye ridhaa baba alivaa fulana na kofia ya kukinga kichwa, akagusa, akaondoka, akapewa pointi. Alishinda sana, nami nilitembea Masasi shingo juu, na niwaambieni ukweli, nilikuwa mtoto wa maringo.

Kisha, umri ukiwa umeshasogea, akaamua kwenda kwenye ngumi za kulipwa kama mwalimu wake. Pambano la kwanza lilipangwa Newala, sikukuu ya Idi. Mabango yalipobandikwa sokoni nilimwona baba yangu kifua wazi, kitambi kidogo kikichungulia juu ya bukta. Bibi, mama yake mzazi, alisimama akalitazama bango moja, akasema, "Na huyu ana mtoto wa kike," akaenda zake. Hapo ndipo aibu ilipoanza kunitambaa.

Tulipanda Newala na shangazi, tumevaa nguo mpya, baridi ya kule juu ikitupenya. Raundi za mwanzo baba aligusa, akaondoka, vizuri kabisa. Lakini watu wa Newala hawakuacha pilau zao kuja kutazama mtu anayegusa na kuondoka. "Anakimbia huyo!" walipiga kelele. Pumzi zilipomwishia, mpinzani wake, kijana wa Mtwara, akamtandika ya taya. Baba akaanguka chali, miguu yote miwili ikaenda juu, kisha ikashuka taratibu, mmoja baada ya mwingine. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bora wangezomea. Nilijifunika uso kwa ushungi wangu, shangazi akaniongoza nje kwa mkono.

Kumbe kulikuwa na mtu aliyerekodi. Kibanda cha video pale stendi kikawa kinaonyesha anguko la baba kabla ya kila filamu. Shuleni wavulana wakiniona napita walijitupa chali, miguu juu, kisha wakaishusha mmoja mmoja. Nikakataa kutumwa dukani. Chakula kikanishinda, ugali nauminya mpaka unapoa. Baba nilimwamkia shikamoo nikiangalia ukuta, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama siku zote, jicho bado limevimba.

Likizo ilipofika nikaingizwa unyago. Wenzangu walilia, mimi nilifurahi, maana mule ndani hakukuwa na mvulana wa kujitupa chini. Siku ya kutolewa tulikalishwa kwenye mkeka, tumepakwa mafuta, tumevikwa kanga mpya. Mwali hasemi, hainui macho, haondoki. Ngoma zikilia, nikasikia sauti ya Bibi Agnesi wa Lupaso.

Bibi Agnesi alikuwa mtani wetu, yeye Mmakua na sisi Wayao. Mtani akikuchukulia kuku wako humdai, akikutukana mbele ya wakwe zako unacheka. Siku hiyo alikuja mikono yake ameizungushia matambara, kila mmoja mkubwa kama boga. "Yuko wapi Kyuba?" akauliza. "Nimekuja kumalizia ya Newala."

Nilimwomba Mungu baba awe ameshakwenda msikitini. Akatokea, na kanzu yake na kofia. Nilimwona kwa pembe ya jicho akigusa, akiondoka, akigusa, akiondoka. Bibi Agnesi akamtia ngumi ya taya. Baba akaenda chini chali, miguu juu, kanzu ikamfunika usoni, kisha miguu ikashuka mmoja mmoja. Wapiga ngoma wenyewe walishindwa kuendelea kwa kucheka. Mimi nililia pale mkekani, somo wangu, kungwi aliyenifunda, akanifuta haraka ili watu wadhani ni jasho. Nilimchukia baba. Newala alipigwa kwa bahati mbaya, lakini hapa aliniaibisha kwa kupenda, tena siku yangu. Siku kadhaa baada ya hapo sikumpa hata hiyo shikamoo ya ukutani.

Shule ilipofunguliwa nilirudi. Hakuna aliyejitupa chini. Mmoja alijaribu, wenzake wakamwambia, "Hebu toka hapo, Bibi Agnesi kakuzidi." Kibanda nacho kikaacha kuonyesha, maana nani ataangalia video ilhali amemwona bibi kizee akifanya vizuri zaidi? Nikadhani wamesahau tu. Nikaanza kula.

Mwaka juzi nilikwenda Lupaso kumjulia hali Bibi Agnesi, macho yake sasa hayaoni sawasawa. Tukakumbushana ya unyago wangu. Nikamwambia kwa utani kwamba siku ile aliniua.

"Mjukuu wangu, baba yako ndiye aliyenifuata," akasema. "Alikuja na baiskeli, akashinda hapa kutwa ananifundisha kurusha mkono. Mimi niliogopa kumpiga. Akaniambia, 'Piga kweli, Bibi. Wacheke siku moja mbele ya mwanangu, wamalize.'"

Nilirudi Masasi siku hiyo hiyo. Baba alikuwa barazani anachambua mbaazi, sikio lake moja limekunjamana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akaendelea kuchambua, akatoa jiwe, akalitupa.

"Ulikuwa huli," akasema.

Kisha akaniuliza kama huko Lupaso nimepewa chakula. Nilitaka kumtazama usoni nimjibu, nikashindwa, kwa sababu safari hii aibu ilikuwa yangu mwenyewe.